Ubishi upo tangu 1858

Ndugu msomaji, wale mlionisikia redioni juma lililopita mtaniwia radhi, maana ni yale yale niliyoyasema, ila nimeongeza machache ambayo fundi mitambo hakuniruhusu kuyamaliza kwa kuwa dakika zilikuwa zimekwisha.

Nilianza kwa kukiri kosa. Miaka ishirini na ushei iliyopita, nikiwa na stashahada mbichi ya uandishi wa habari mkononi, nilipata kazi katika chumba cha habari cha redio moja hapa Mwanza. Kazi ya mgeni ni kutafsiri. Habari za mashirika ya nje zilikuja kwa Kiingereza, nami nilikuwa na nusu saa ya kuzigeuza kabla ya taarifa ya jioni. Siku moja ikaja habari juu ya kina cha maji ya Ziwa Victoria, na ndani yake sentensi ikisema kwamba ziwa hili ni "arguably" chanzo cha mto Nile.

Neno lile nilikuwa nimepishana nalo magazetini mara nyingi bila kuliamkia. Jioni ile ilinibidi nilisimamishe. Nikajiambia: humu ndani mna kubishana. Mwandishi anaonekana amejiamini. Basi amekusudia kusema kwamba ubishi umekwisha. Nikaandika, na msomaji wetu wa taarifa, mtu mwenye sauti ya kutikisa vikombe, akasoma: "Ziwa Victoria, ambalo bila ubishi ndilo chanzo cha mto Nile..."

Chumbani hakuna aliyeshtuka. Mhariri wa zamu alikuwa amepitisha kwa kalamu nyekundu. Baada ya siku kadhaa ikaletwa barua kutoka Ukerewe, mwandiko wa kulala upande mmoja, wa mwalimu mstaafu. Aliandika hivi: "Mwanangu, ubishi upo, na ulianzia hapo hapo mlipo, tangu mwaka 1858. Neno ulilolitafsiri limesema ubishi upo, wewe umesema haupo. Sasa nani tumwamini, aliyeandika au aliyetangaza?"

Mwalimu alikuwa na haki. "Arguably" haina maana ya bila ubishi. Inakaribia kuwa kinyume chake. Anayelitumia anasema: jambo hili naweza kulitetea kwa hoja, ingawa najua wewe nawe unaweza kunipinga. Ni neno la mtu aliyekwisha kuchagua upande lakini hajafunga mlango. Lina jirani yake, "demonstrably", ambalo asili yake ni neno la Kilatini la kuonyesha. Hilo ni la jambo ambalo mtu akikubishia humjibu kwa maneno. Unamshika mkono, unampeleka, unamwambia tazama. Hapa kwetu, kwenye ziwa hili, umbali wa kutoka neno la kwanza hadi la pili uliwachukua Wazungu miaka kumi na saba, na uligharimu watu.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walitoka Unguja kwenda bara kutafuta maziwa makuu. Walifika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, kisha Ujiji, wakaliona Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858. Waliporudi Kazeh Burton alikuwa mgonjwa. Wafanyabiashara Waarabu wa pale wakawaambia kwamba kaskazini kuna ziwa jingine, kubwa kuliko lile walilolitoka. Burton akabaki. Speke, ambaye macho yake yenyewe yalikuwa yakimsumbua, akaondoka Julai 9 na wapagazi, walinzi wachache wa Kibaluchi, na Sidi Mubarak Bombay.

Huyu Bombay tusimpite haraka. Alikuwa Myao, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, na baada ya bwana wake kufa akarudi Unguja akiwa mtu huru. Jina la mji wa Wahindi likabaki naye. Yeye ndiye aliyekuwa ulimi wa Speke, maana Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu cha kutosha. Walizungumza Kihindustani, ambacho cha Speke hakikuwa kizuri.

Agosti 3, 1858 Speke alipanda kilima na kuliona ziwa limetanda mbele yake. Mahali alipotoka asubuhi ile aliliandika jina Isamiro. Sisi wa Mwanza tunaijua Isamilo na majumba yake juu ya mawe. Aliona ghuba, aliona visiwa, aliona milima ya Ukerewe kwa mbali. Akaenda kwa Mahaya, mtawala wa Mwanza wakati ule, akakaa siku tatu akiuliza maswali. Mtu mmoja aliyesifiwa kwa kusafiri sana aliulizwa ziwa linafika wapi upande wa kaskazini. Akaelekea huko, akarusha mkono mbele akialisha vidole, akasema hakuna ajuaye, ila yeye anadhani labda linafika mwisho wa dunia.

Mimi jibu lile nalipenda. Yule bwana alisema mambo mawili na akayatenganisha: hakuna ajuaye, na mimi nadhani. Mhariri yeyote angelipitisha.

Speke hakufanya hivyo. Alipoteremka kilimani alikuwa amekwisha kuamua, naye aliandika baadaye kwamba pale hakubakiwa na shaka yoyote: hili ndilo linalouzaa mto Nile. Alikuwa na nini mkononi? Alichemsha maji akapima joto lake, na kwa hesabu ile akapata kimo cha ziwa kutoka usawa wa bahari, hesabu ambayo haikwenda mbali na ile tunayoijua leo ya mita 1,134. Kwa kimo hicho maji yangeweza kuteremka hadi Misri. Alikuwa na maneno ya wafanyabiashara. Basi. Hakuwa na mashua, hakuzunguka, hakuona maji yakitoka mahali popote. Toka Mwanza hadi yanakotokea, Jinja, ni zaidi ya kilomita 300 kwa mstari ulionyooka, na yeye aliona ghuba tu na visiwa.

Alirudi Kazeh mbio mwishoni mwa Agosti, akamwambia Burton wakati wa chakula cha asubuhi. Burton akakataa. Na hoja ya Burton, ingawa ilikuwa na wivu ndani yake, mtu wa redio hawezi kuipuuza. Alisema hivi kwa ufupi: Speke anauliza kwa Kihindustani kibovu. Bombay anakisikia nusu, anakigeuza Kiswahili kwa namna yake. Anayeulizwa anakipeleka kwa lugha ya kwao. Jibu linarudi kwa njia ile ile, likipoteza kitu kila linapovuka. Wewe unachokiita habari ni mwangwi wa mwangwi.

Niliposoma hayo nilikumbuka taarifa yangu ya jioni. Mimi sikuwa na lugha tatu za kuvuka, nilikuwa na moja, na bado nilizama.

Lakini tumtendee haki Speke: alijua deni lake. Mwaka 1860 alirudi pamoja na James Grant, wakapitia Karagwe na Buganda, na Julai 28, 1862 akasimama pale maji yanapotoka ziwani kwa kishindo karibu na Jinja ya leo. Akayaita maporomoko ya Ripon. Mwaka uliofuata akapeleka simu ya maandishi kutoka kaskazini kwamba suala la Nile limekwisha. Halikuwa limekwisha. Kati ya Mwanza na Jinja ziwa alikuwa ameliona hapa na pale tu, hivyo alishindwa kuonyesha kwamba maji aliyoyaona mwaka 1858 na haya ya 1862 ni ziwa moja. Na mto wenyewe hakuufuata wote. Ulipokunja kuelekea magharibi yeye alikata njia. Burton akapata upenyo. Akasema huenda ni maziwa mengi madogo. Akasema Nile inatoka Ziwa Tanganyika kwa mto Ruzizi, ulio kaskazini ya ziwa lile.

Mdahalo ukapangwa. Wawili hawa wangekutana mbele ya wataalamu katika mji wa Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, mchana, Speke alikwenda kuwinda ndege katika shamba la ndugu zake. Alipokuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe bunduki yake ikafyatuka ikampiga kifuani. Akafa pale pale, umri miaka 37. Uchunguzi wa mahakama ulisema ni ajali. Wapo waliosema alijiua kwa kuogopa mdahalo, na wapo wanaosema hivyo hadi leo, nao ushahidi wao ni kwamba inawezekana.

Tazama basi. Mtu alikuwa na ukweli. Aliuona kwenye kilima chetu. Akafa bila kuweza kuuonyesha, na mpinzani wake, ambaye hakuwa na ukweli, hakuna aliyeweza kumwambia amekosea.

Suala la Ruzizi lilimalizwa na watu waliopanda mtumbwi. Novemba 1871, Livingstone na Stanley, muda mfupi baada ya kukutana Ujiji, walipiga kasia hadi mwisho wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika wakatazama maji yanakwenda upande gani. Yalikuwa yanaingia. Mto unaoingia ziwani hauwezi kuwa unatoka, na hoja ya Burton ikafa siku ile bila kelele. Wenyeji wa kule walikuwa wamemwambia Burton jambo hilo hilo mwaka 1858, na yeye mwenyewe aliandika kwamba waliambiwa. Ila maneno ya wenyeji katika vitabu vile yaliwekwa kwenye fungu la "inasemekana", na yalisubiri Mzungu aje ayatoe humo.

Kwa ziwa letu kazi ilifanywa na Stanley. Alitoka Bagamoyo Novemba 1874 na msafara wa watu zaidi ya 300, wakiwa wamebeba mabegani mashua iliyokatwa vipande, Lady Alice. Waliifunga upya Kageye, kwenye ghuba ambayo sasa inaitwa Ghuba ya Speke, upande wa Magu. Machi 8, 1875 akaingia majini na mabaharia wachache, akalizunguka ziwa lote akiwa na ufuo upande wake wa kulia, akarudi Kageye mwanzoni mwa Mei. Ziwa ni moja. Maji yanatokea mahali pamoja, pale Ripon. Kijana wa Kiingereza aliyeachwa Kageye kulinda mizigo, Frederick Barker, alikuwa amekwisha kufa kwa homa na kuzikwa.

Katika mzunguko ule Stanley alifika kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kiko wilaya ya Muleba. Watu wa kisiwa waliivuta mashua nchi kavu na kuchukua makasia. Stanley akatoroka akipiga risasi. Agosti akarudi na mitumbwi mingi, akasimama mbali kidogo na ufuo ambapo mishale haifiki lakini risasi inafika, akawaua watu wengi waliokuwa wamesimama kwenye mteremko. Hakuficha, aliandika mwenyewe magazetini, na hata Uingereza wapo waliochukizwa. Watoto wa shule wanafundishwa kwamba Stanley alithibitisha chanzo cha Nile. Bumbire haimo katika somo hilo, wakati ni safari ile ile.

Nilimwandikia yule mwalimu kumshukuru, nikamweleza kwamba nimekwisha kujua: Speke alikuwa "arguably", Stanley akawa "demonstrably", mambo yameisha. Jibu lake lilikuwa fupi. "Na Kagera?"

Kwa hiyo nikarudi vitabuni. Kama chanzo ni pale mto unapoanzia, basi ziwa si mwanzo, maana nalo linapokea mito, na mkubwa kuliko yote ni Kagera, unaoingia upande wa magharibi karibu na mpaka wa Tanzania na Uganda. Mjerumani Richard Kandt aliufuata hadi Rwanda mwaka 1898. Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, alifika Rutovu, Burundi, mwaka 1937, kwenye kijito kidogo, na piramidi ya mawe ikajengwa hapo juu ya kilima. Rwanda nao wana chemchemi yao msituni Nyungwe. Na wanaopima maji watakuambia kwamba takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria hayaletwi na mto wowote. Ni mvua inayolinyeshea lenyewe. Mmoja atasema chanzo ni Rutovu, mwingine Jinja, mwingine atanyosha kidole mawinguni, na kila mmoja ana kitu cha kukuonyesha. Hawakubaliani neno chanzo lina maana gani. Hata maporomoko ya Ripon, ambayo Speke aliyasimamia, huwezi tena kumpeleka mtu kuyaona. Yalifunikwa na maji lilipojengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954.

Ndiyo maana "arguably" lilikuwa neno la haki katika habari ile, na mimi nilikuwa nimelipokonya haki yake.

Sisi tunasemaje basi? Kiswahili hakina neno moja la kukaa pale. Tuna yamkini, tulilolipata kwa Waarabu, yaani inawezekana. Tuna huenda. Upande wa pili tuna hakika, na tuna dhahiri, yaani kilicho nje kwa kila mwenye macho. Hapo katikati inabidi tuseme sentensi nzima: kuna hoja kwamba, wapo wanaoshikilia kwamba. Vijana wangu chumbani hulalamika kwamba ni ndefu. Nami nawaambia urefu wake ndio faida yake, kwa sababu ukisema "wapo wanaoshikilia" msikilizaji atauliza ni kina nani, na itabidi uwe na jibu. Ninalogombana nalo ni "inasemekana". Lile halina mwenyewe. Amesema nani, kwa nani, akiwa amesimama wapi? Na "inasadikiwa" ni ndugu yake aliyevaa kanzu.

Lakini kuna siku hata mimi sina jingine la kuweka, nayo ni tarehe 21 Mei.

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha pili hapa Mwanza. Asubuhi ya Jumanne ile MV Bukoba, ikitoka Bukoba na Kemondo, ilipinduka ikiwa imebakiza kidogo kufika. Meli ilikuwa ya abiria 430. Nakumbuka tukiwa tumezunguka redio ya jirani, na idadi ikipanda kila taarifa: inakadiriwa, inahofiwa, inasadikiwa. Nilidhani siku moja watahesabu wamalize, watatuambia. Sikujua kwamba hakuna cha kuhesabia. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa kwenye orodha. Maiti walioopolewa walihesabika. Waliobaki chini hawakuhesabika. Na waliopanda hawakujulikana walikuwa wangapi. Hata kundi la al-Qaeda, ambalo mkuu wake mmoja, Abu Ubaidah al-Banshiri, alikuwamo melini, lilibidi litume watu kuja huku kuhakikisha kama kweli amekufa.

Kwa hiyo wako wanaoandika zaidi ya watu 800, wako wanaoandika 894, na wako wanaokaribia 1,000. MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara Septemba 20, 2018, maiti walihesabiwa, 228, na bado waliokuwamo kivukoni kwa jumla walikuwa wangapi hakuna tiketi ya kuonyesha. Mimi huandika "zaidi ya 800", maana hiyo naweza kuitetea.

Miaka michache iliyopita, siku ya kumbukumbu, nilikuwa makaburini Igoma na kinasa sauti. Mzee mmoja akanifuata. Alisema alinisikia asubuhi nikitaja idadi. Mama yake alipanda Kemondo, daraja la tatu, na ndizi mikungu miwili. Hakuonekana tena, hakuzikwa, jina lake haliko popote. "Nilimsindikiza mimi mwenyewe," akasema. "Mikungu niliibeba mimi. Sina karatasi." Akanyamaza, kisha akaniuliza kama mama yake yumo katika ile "zaidi ya" yangu.

Nikamwambia yumo. Hakuniuliza nimejuaje.